Gerenti ya maisha ya seti ya spana: yalonikuta mimi fundi wa gereji

Assalaam alaykum ndugu zanguni. Miye ni fundi gari hapa Unguja, gereji yetu iko upande wa Amani, nna miaka 16 kwenye kazi hii na chakula cha wanangu kinatoka kwenye spana. Haya nawaandikia mafundi wenzangu na hawa vijana wanaoanza, mana siku hizi kila kasha la vifaa limeandikwa gerenti ya maisha, na miye neno hilo nililinunua kwa pesa yangu, kumbe halikuwa langu.

Mwaka jana kabla ya Ramadhani nilikwenda Mlandege kutafuta seti, ya zamani ilikuwa ishabaki nusu, boksi ya 10, yaani kile kichwa cha kuvisha kwenye nati, imepotea (mafundi mnajua, boksi ya 10 haikai), racheti ya nusu inchi, ule mkono wa kuzungushia boksi, inaruka. Nikaiona seti ya vipande 108, boksi za robo na za nusu, racheti mbili, alenkii, bisibisi, kila kitu kimelala kwenye nafasi yake kinang'ara. Bei 185,000 baada ya kuvutana. Kilichonifanya nitoe pesa si kung'ara, ni yale maandishi makubwa juu ya kasha, na yule kijana wa duka akaniambia kwa mdomo wake, fundi hii hata ikivunjika baada ya miaka kumi unaileta unapewa nyengine. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevaa ovaroli, mikono ina oili nyeusi mpaka kwenye viwiko, na yeye mwenyewe ndo kaniita fundi. Hilo liwekeni akilini.

Miezi saba ikenda vizuri. Halafu siku moja nafungua bolti ya kalipa, kile kinachobana breki, ya Noah, mbele kushoto, boksi ya 17, bolti imeshika kutu kama zinavyoshika gari zote za hapa kwetu zinazolala karibu na pwani. Nikaivuta racheti ikasema krrr, ikaachia ghafla, ngumi yangu ikenda ikapiga kwenye ukingo wa diski. Kidole cha shahada kikachanika mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Nikafunga kitambaa, nikamaliza ile kazi kwa racheti ya kuazima kwa jirani, jioni nkakaa chini nkaifungua yangu nione ndani kuna nini.

Mgongoni ina skrubu mbili ndogo. Ukizitoa unaona gurudumu la meno, na pembeni yake kipande mfano wa ulimi ambao ndo unang'ata yale meno, nyuma ya ulimi pana springi ndogo kuliko ya kalamu. Ile racheti ni ya meno 72, yaani kila mlio mmoja ni digrii 5, nzuri sana ukiwa umejibana mahali hapana nafasi ya kuzungusha mkono, lakini meno yakiwa mengi lazma yawe madogo, na yakiwa madogo chuma lazma kiwe chuma kweli. Ulimi wangu ulikuwa umevunjika meno mawili. Vile vipande vilikuwa vimeganda ndani ya grisi, nikavitoa kwa ncha ya sindano nkaviweka kwenye kifuniko cha soda, vidogo kama punje za chumvi. Nkasema alhamdulillah, gerenti ninayo.

Siku ya pili nikenda dukani na racheti, kile kifuniko cha soda na risiti. Yule yule kijana. Akaishika, akaizungusha, akaniuliza, "Fundi, hii unaitumia gereji?"

Nkamwambia, "Naitumia gereji, nitaitumia wapi mdogo wangu, si unanijua?"

"Basi hiyo haimo kwenye gerenti. Gerenti ni ya mtu wa nyumbani."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nkamwambia mbona siku ile hukunambia, akasema yeye hajaandika ile karatasi, imeandikwa kiwandani. Karatasi gani? Akanionesha. Kumbe ndani ya kasha, chini kabisa ya ile povu inayoshika boksi, kuna karatasi imekunjwa mara nne, na miye miezi saba sijawahi kuinyanyua ile povu. Nikaitia mfukoni nikarudi nayo nyumbani, usiku nikakaa na binti yangu wa kidato cha tatu tukaisoma neno kwa neno, miye najua majina ya vifaa yeye anajua Kiingereza.

Lile neno kubwa la juu ya kasha ndani lina mwenzake mdogo mbele yake, neno linalosema gerenti hii ina mipaka. Na mipaka yenyewe ni hivi, wanalipa kasoro ya kiwandani tu, chuma kibovu au kazi mbovu ya kutengeneza, kuchakaa kwa kawaida hakumo. Ukivisha paipu kwenye mkono wa racheti ili upate nguvu, hakumo. Ukitia boksi nyeupe kwenye bunduki ya upepo, ile mashine ya kufungulia nati, hakumo. Gerenti ni ya alonunua wa kwanza tu, ukimuuzia au ukimpa mwenzako imekufa. Kukirejesha kifaa kiwandani gharama ni zako. Halafu mstari wa mwisho kabisa, binti yangu akausoma mara mbili, vifaa hivi ni kwa matumizi ya nyumbani na matumizi ya kibiashara hayamo. Akaniangalia, "Baba, wewe ndo biashara?" Nkamwambia ndio mwanangu, miye ndo biashara.

Sasa nataka niwe mkweli, baadhi ya masharti yana haki. La paipu lina haki, racheti si ya kung'olea bolti ilogoma, ya hapo ni breka ba, mkono mrefu mtupu ambao hauna meno ndani, ukishailegeza ndo unaleta racheti. La bunduki ya upepo pia lina haki, boksi nyeupe zinazong'ara ni za chuma cha kromu vanadiamu kigumu, zikigongwa gongwa na ile mashine zinapasuka na kipande kinaweza kukutia jicho, boksi za bunduki ni zile nyeusi za kromu molibdenamu ambazo chuma chake kinavumilia kipigo. Nimeshawaona vijana wanafungua nati za tairi za gari za Nungwi kwa boksi nyeupe kwenye bunduki, wanangu acheni, hapo hata kiwanda kikikataa kina haki. Na najua pia mtu wa nyumbani anafungua bolti kumi kwa mwezi, miye kabla ya adhuhuri nishafungua zaidi ya hizo, kwahiyo mwenye kiwanda anaogopa mzigo wangu, naelewa. Lakini ulimi wangu haukuvunjika kwa paipu, umevunjika kwa mkono mtupu, na kama hamtaki fundi basi andikeni juu ya kasha kwa herufi kubwa kama zile za gerenti, msimfiche fundi chini ya povu. Na muandike Kiswahili. Pesa zetu mnazipokea bila ya mkalimani.

Nina binamu yangu alokaa Marekani miaka mingi akanielezea kwao mambo yalivyo. Zamani kulikuwa na vifaa vya Craftsman vya maduka ya Sears, ukivunja spana unakwenda nayo dukani hata risiti hawakuulizi, unapewa nyengine unaondoka. Watu wazima kule wamekulia kwenye mazoea hayo. Halafu Sears wakaishiwa, mwaka 2017 jina la Craftsman likauzwa kwa Stanley Black & Decker, yale maduka mengi yakafungwa. Gerenti ikabaki lakini ile kaunta uloizoea haipo tena, inabidi utafute pa kwenda. Na kuna Snap-on, hawa walianza 1920 na wateja wao khaswa ni mafundi, muuzaji anazunguka na gari yake kila wiki anapita gereji moja mpaka nyengine, racheti ikitapika meno anakufungulia palepale anakutilia vyuma vipya vya ndani. Bei zake ni za kutisha, racheti moja ni zaidi ya seti yangu nzima, lakini fundi yumo tangu mwanzo, kazi ya gereji ndo ilowafanya waziunde. Binamu aliniambia nikuletee moja? Nkafikiri sana nkamwambia hapana, mana ile gari haipiti Amani. Ikivunjika huku nitampa nani?

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho miaka 16 sijakifikiria vizuri, nilikuwa naangalia jina na maandishi, siangalii nani atakaepokea kile kifaa mkononi siku kikivunjika.

Kuna jamaa waliniambia nikashtaki, Zanzibar tuna sheria ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji na tume yake ipo, ZFCC, na mwenye ushahidi wake aende, ni haki yake. Miye nilikwama kwenye risiti. Risiti ya mashine, ile karatasi laini, niliiweka ndani ya kasha na kasha linashinda juani ndani ya gereji, siku naipeleka dukani ilikuwa ishapauka kusomeka kwa tabu, wiki mbili baadae ikawa nyeupe pe kama karatasi mpya. Ndugu zangu, ukinunua kifaa risiti ipige picha kwa simu hapohapo dukani, kabla hujatoka mlangoni. Mtumie na mkeo ikae pande mbili.

Basi nikabadilisha njia. Darajani kuna mzee mmoja ana kiduka chembamba, vifaa vimening'inia mpaka kwenye dari, hauzi makasha, anauza kimoja kimoja. Nikamwamkia, nkamwambia kisa changu chote, halafu nkamuuliza mapema, mzee miye ni fundi wa gereji, kifaa hichi kitafanya kazi kila siku isipokuwa Ijumaa baada ya sala, ukiniuzia na kikavunjika meno utanipokea? Akanyamaza kidogo akaishika racheti akaifungua mbele yangu, akanionesha ulimi wake, mpana, na gurudumu lake la meno 36 tu, kila mlio digrii 10. Akasema, "Mwanangu, hii itakuchosha mkono pahala pembamba, lakini haitakutupa. Miezi sita ikivunjika ndani niletee. Ukiipiga nyundo usinijie." Nkamuomba aandike. Akaandika kwa kalamu nyuma ya risiti, fundi wa gereji, miezi sita, akatia sahihi. Nilinunua racheti ile 38,000 na boksi nyeusi saba za bunduki.

Miezi minne baadae boksi nyeusi ya 19 ikapata ufa, mstari mwembamba kama unywele kutoka mdomoni mpaka katikati, nimeuona nilipoifuta kwa petroli. Na ya 21 nayo ilikuwa imepanuka mdomo. Nikazipeleka zote mbili. Mzee akazishika moja moja akazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, ya 19 hakusema neno, akanyoosha mkono juu akashusha mpya akanipa. Ya 21 akanionesha mgongoni pake, pana alama za nyundo tatu, kijana wangu wa gereji aliigonga kuiingiza kwenye nati ilokwisha pembe. Akasema hii hapana. Nkamwambia kweli mzee, hii ni yetu, nkainunua nyengine 9,000. Sikuwa na kinyongo hata kidogo, mana masharti niliyajua kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kwahiyo ukiniuliza ile seti ya 108 ni mbaya, nitakwambia boksi zake bado nazitumia mpaka leo na bisibisi zake nzuri, kwa mtu mwenye gari yake nyumbani anaetaka kubadilisha plagi na betri ni seti ya kutosha na gerenti yake ni ya kweli. Kwa fundi ile gerenti haipo, ununue kama vile hujaandikiwa kitu, na bei uipime hivohivo. Swali ni moja tu na uliulize ukiwa bado umeshika pesa, kazi ya gereji imo au haimo, na mtu akisema imo mwambie aandike kwenye risiti. Akikataa kuandika ushajua.

Jambo jengine dogo kwa wenye toki renchi, ile spana ya kukazia bolti kwa kipimo, mana vijana wawili waliniuliza. Kile kifaa kwa kawaida hakimo kwenye gerenti ya maisha, makampuni mengi yanatoa mwaka mmoja tu, na kukipima upya si gerenti, ni matunzo yako mwenyewe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinasema kipimwe upya kila miezi 12 au kikifika mikazo 5,000, kama mwenyewe hujajipangia utaratibu mwengine. Na ukimaliza kazi kirudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo chake, springi ipumzike, usikiache kimekazwa usiku kucha.

Racheti ya mzee sasa ina miezi kumi na moja. Ile miezi sita ya kwenye risiti ishapita lakini kila Alkhamisi jioni naifungua, naosha mchanga na vumbi la breki kwa petroli, natia tone la grisi kwenye ulimi. Meno yote 36 yapo, nimeyahesabu wiki ilopita.