Tathmini ya kitabu: Guru Nanak and the Sikh Religion cha W. H. McLeod, nakala ya mtumba kutoka Ngamiani

Vitabu vya mitumba vinavyouzwa Ngamiani, hapa Tanga, kwa kawaida ni vya kiada na riwaya zilizochakaa, kwa hiyo nakala yenye jalada gumu ya kitabu kilichochapwa Oxford mwaka 1968 ni bidhaa ya nadra, na bei ya shilingi 30,000 si ya kulalamikiwa. Muuzaji alisema ilitoka katika kasha la nyumba moja ya Wahindi, maelezo yanayoaminika katika mji ambao familia nyingi za Kihindi, wakiwamo Makalasinga, yaani Masikh, zilihama baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Mgongo wa kitabu umetiwa gundi upya kwa ustadi. Kasoro ni kurasa za faharasa zilizolegea, jambo ambalo muuzaji alipaswa kulitaja kabla ya kupokea fedha.

Mwandishi, William Hewat McLeod, alizaliwa New Zealand mwaka 1932, na mwaka 1958 kanisa lake la Presbiteri lilimpeleka Punjab, India, kufundisha Kiingereza katika shule ya wavulana mjini Kharar. Huko ndiko historia ya Masikh ilikomteka, na kitabu hiki kimetokana na tasnifu ya uzamivu aliyoikamilisha London mwaka 1965. Baadaye alifundisha chuoni Batala, imani yake ya Kikristo ikamtoka, akaacha umisionari. Tangu mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 1997 alisomesha historia katika Chuo Kikuu cha Otago, na alifariki Dunedin mwaka 2009. Inafaa msomaji ayajue haya mapema, kwa sababu wapinzani wake hawakuchoka kumwita mmisionari hata alipokuwa ameshaacha kuwa Mkristo.

Kiini cha kitabu ni namna alivyozichambua janamsakhi, yaani masimulizi ya maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, ambayo wafuasi waliyakusanya baada yake. McLeod huchukua kisa kimoja kimoja na kukipa daraja mojawapo kati ya tano: kilichothibitika, kinachoelekea kuwa kweli, kinachowezekana, kisichoelekea kuwa kweli, na kisichowezekana kabisa. Visa vya miujiza huanguka mara moja. Vilivyobaki huviuliza kama mikusanyo mbalimbali inakubaliana, kama upo ushahidi wa nje, na kama tenzi za Nanak mwenyewe zilizomo katika Adi Granth, kitabu kitakatifu cha Masikh, zinaviunga mkono. Mtu aliyesoma madrasa hapa pwani atakumbuka mara moja jinsi hadithi za Mtume zinavyopangwa kuwa sahihi, hasan na dhaifu, lakini ataona pia tofauti kubwa: wanazuoni wa hadithi huanza na mlolongo wa wapokezi, ilhali McLeod hupima zaidi habari yenyewe na maandishi iliyomo. Hata kisa mashuhuri cha Nanak kulala Makka akiwa ameielekezea Kaaba miguu yake, kisha alipogeuzwa Kaaba nayo ikageuka, hakisalimiki. Mwishoni, yote anayokubali kuyathibitisha kuhusu maisha ya Guru yanatosha katika aya chache tu. Anayeijua Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, masimulizi ya watawala wa Usambara, atajiuliza Mbega wetu, mwindaji aliyeanzisha utawala huo, angebakiwa na nini kwa kipimo hiki. Pengine mbwa wake na nguruwe aliowawinda, basi.

Ukali huo ndio nguvu ya kitabu na pia ndio unaokipunguza. Mwandishi ana haki ya kukataa kisa ambacho hakina ushahidi, ila katika kitabu hiki ana haraka ya kukiweka kando, na hakai vya kutosha kuuliza kwa nini jamii ilikihitaji hata ikakihifadhi. Swali hilo alilirudia kwa upana katika Early Sikh Tradition, kitabu chake cha mwaka 1980, na anayeweza kuvipata vyote viwili asiishie kwenye hiki. Wasomi wa Kisikh waliolalamika kwamba kumbukumbu ya mdomo imedharauliwa walikuwa na hoja nzito, hasa machoni pa sisi ambao historia ya miji yetu ilisimuliwa muda mrefu kabla ya kuandikwa. Kwamba kitabu kilitoka mwaka mmoja tu kabla ya sherehe za miaka 500 ya kuzaliwa Guru, mwaka 1969, hakukuwapoza.

Tuhuma ya umisionari, hata hivyo, naona haisimami, na ushahidi ni sehemu ya mafundisho, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Tenzi za Nanak hazikupangwa kwa mada, nazo McLeod amezikusanya kwa subira na kuonyesha fikra moja iliyoshikamana: Mungu asiye na umbo, nafsi inayojikweza na kumtenga mtu naye, Jina linalokumbukwa, na neema isiyonunuliwa kwa ibada za nje. Hakuna mahali anapoyapima mafundisho hayo kwa Ukristo ili yapungue. Lugha yake ni kavu lakini safi, na Kiingereza cha kidato cha sita kinatosha kuifuata.

Kuhusu huduma, muuzaji anamruhusu mteja kukaa kwenye benchi na kusoma kabla ya kuamua, hapunguzi bei kwa urahisi, na risiti hutoa ukimwomba. Vitabu vya aina hii haviko mezani, ambako vimejaa vya shule. Viko kwenye kasha la chini, na anayekwenda aombe litolewe, kisha akague kurasa za mwisho kabla ya kulipa.