Miaka minne na Mtama: tulivyomlea mbwa wa mfugaji hapa Minnesota

Mama yangu alipiga simu kutoka Marangu, akasikia mbwa akibweka nyuma yangu, akauliza tumemnunua kwa bei gani. Nikamwambia hatujamnunua. Mwenyewe ni mama mmoja anayekaa mwendo wa dakika arobaini kutoka kwetu. Sisi tunamlea, yeye atamchukua kumpandisha, watoto ni wake, na muda ukiisha mbwa anabaki kwetu moja kwa moja. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si ndiyo ng'ombe wa kuwekeshwa huyo?"

Ndiyo hasa. Kwetu Uchagani mwenye ng'ombe wengi alimweka mmoja kwa jirani. Jirani anakata majani, anapata maziwa na samadi, na ndama ni wa mwenyewe. Na mtamba wa kwanza wa baba ulikuja kwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, akalipa kwa ndama jike. Kwa hiyo wazo lenyewe halikunitisha. Ila ng'ombe halali miguuni pa mwanao akisoma, na hilo nililielewa baadaye.

Wafugaji makini hapa Marekani hawapendi kurundika majike kumi kwenye vizimba. Wanachagua kitoto bora, wanakipa familia, kinakua nyumbani kama mbwa mwingine yeyote, huku haki ya uzazi ikibaki kwa mfugaji. Kwetu ilikuwa mbwa jike wa aina ya Labrador, mwenye rangi ya mtama ulioiva, tukampa jina hilo. Alikuja Novemba 2020 akiwa na wiki nane. Wenzangu kazini walinunua wa aina hiyo kwa dola 2,000. Sisi tuliweka amana ya dola 500 ya kurudishwa.

Mkataba ulikuwa wa kurasa saba, nami nilikaa nao jioni mbili. Usihame zaidi ya saa moja kwa gari. Uwe na uzio. Usifuge dume ambaye hajahasiwa. Chakula ni kile alichochagua mfugaji, nasi ndio tunaokinunua, pamoja na chanjo na dawa za kila mwaka. Yeye analipia vipimo vya kabla ya kupandisha, kupandisha kwenyewe na kuzaa. Asizae zaidi ya mara tatu, kisha mfugaji anamtoa kizazi kwa gharama yake na kutukabidhi karatasi za umiliki. Kwangu hayo yalikuwa ya haki, na hata leo sioni senti tuliyodhulumiwa.

Kulea kitoto cha mbwa Minnesota mwezi wa Januari ni kuvaa buti saa nane usiku, mara mbili, baridi ikiwa chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini, ukisubiri akojoe. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inachoma nyayo, kwa hiyo kila matembezi yanaishia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Yalipita.

Vipimo ndivyo vilivyonifundisha kumheshimu mfugaji huyu. Labrador wana tabia ya kurithi nyonga zilizolegea, na OFA, taasisi ya Marekani inayokagua mifupa ya mbwa wa kuzalisha, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Kwa hiyo tulisubiri miaka miwili mizima. Akapigwa eksirei ya nyonga na viwiko, akapimwa macho na moyo, na vinasaba vikatazamwa kama anabeba ugonjwa unaomfanya Labrador aishiwe nguvu za miguu ya nyuma baada ya kukimbia sana. Chembe ya urithi inayosababisha ugonjwa huo iligunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, matokeo yakatolewa 2008. Angeshindwa kipimo kimoja kikubwa, angetolewa kizazi na kubaki kwetu bila kuzaa. Ulizeni jambo hili mapema, maana mikataba mingine haisemi.

Akiingia kwenye joto, unampigia mfugaji siku ileile. Damu inapimwa projesteroni, homoni ya uzazi, kila baada ya siku chache ili siku ya kupandisha isikosewe. Anaondoka siku tatu, anarudi. Mimba ni kama siku 63, na kwenye siku ya 55 hivi eksirei inaonyesha vitoto vingapi. Tulihesabu mifupa ya migongo minane na watoto wangu, kwenye simu.

Kisha anaondoka kweli. Wiki moja kabla ya kuzaa hadi vitoto vifikishe wiki sita: wiki saba nyumba haina mbwa. Wiki tatu za kwanza wageni hawaruhusiwi kwa hofu ya maambukizi. Mwanangu wa miaka sita aliendelea kumwekea maji kwenye bakuli kila asubuhi, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia aache. Mtama aliporudi alikuwa amekonda, manyoya yanapukutika, chuchu zinaning'inia, na usiku wa kwanza alizunguka nyumba nzima akitafuta. Hakuna aliyetuandaa kwa usiku huo. Nililala naye sakafuni.

Uzao wa pili, Aprili 2024, ndio unaonifanya niandike. Kitoto cha tatu kilikaa upande, Mtama akasukuma zaidi ya saa mbili, akakimbizwa hospitali na kupasuliwa saa tisa usiku. Alipona. Kitoto kimoja kilikufa. Sisi tulipigiwa simu saa tatu asubuhi, mambo yakiwa yamekwisha. Mfugaji alifanya kila kitu sawasawa, alilipa kila senti, na mkataba ulimpa haki ya kuamua peke yake. Lakini mume wangu alikaa kwenye ngazi dakika nyingi bila kusema neno. Mbwa tuliyemlea miaka mitatu na nusu alikuwa mezani kwa daktari, nasi tumelala.

Nilimweleza mfugaji hivyo, bila kugombana. Akasema hakuwahi kufikiria kwamba tungetaka kuamshwa. Namwamini. Aliamua mwenyewe kutompandisha mara ya tatu, na Agosti akamtoa kizazi kama alivyoahidi. Karatasi za American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa asili, sasa zina jina la mume wangu.

Ukiniuliza kama mpango huu unafaa, nitakuambia unafaa kwa familia iliyotulia mahali pamoja, yenye mtu nyumbani mchana, na yenye watoto walioambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mbwa huyu ana mwenyewe. Ukiuingia kwa kukwepa bei tu, wiki zile saba zitakuumiza. Na nenda nyumbani kwa mfugaji kwanza, uone majike wake wakubwa wanavyomkimbilia au kumkwepa.

Mwezi uliopita amenipigia. Kitoto jike alichobaki nacho kutoka uzao wa kwanza wa Mtama kimekua, kimepita vipimo, na kinatarajia kuzaa. Anataka tumlelee mmoja. Nimempelekea kifungu nilichokiandika mwenyewe: mbwa akipelekwa hospitali saa yoyote, mlezi apigiwe simu kabla ya upasuaji. Akikitia sahihi, tutakwenda kumchukua huyo mjukuu.