Root beer ipi ununue ukiwa Marekani

Wengi wetu tukionja root beer, soda ya Kimarekani, kwa mara ya kwanza hukunja uso na kusema inanuka dawa ya kuchua. Hatujakosea. Harufu ile ni ya mmea wa wintagrini, na kemikali inayoibeba, methili salisileti, ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye dawa za kuchua misuli. Zamani ladha kuu ilitoka kwenye mizizi ya mti wa msasafrasi, mpaka 1960 Marekani ilipopiga marufuku safroli, mafuta yaliyomo humo, kwa kuwa yaliwaletea panya wa maabara saratani. Tangu hapo kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake, na ndiyo maana ukiichukia moja usizikatae zote. Kileo hazina, neno “beer” (bia) kwenye jina lisikutishe.

Namba moja kwangu ni Sprecher ya Wisconsin. Imimine kwenye glasi polepole: povu linapanda, zito, rangi ya maziwa yenye chai, na linakaa. Pua inakutana na vanila kwanza. Ukimeza, asali inabaki nyuma ya ulimi, na wintagrini inakuja mwisho kabisa, kwa adabu. Asali hiyo ni ya huko huko Wisconsin, na soda hupikwa kwenye sufuria kubwa juu ya moto wa gesi. Chupa ni ya mililita 473, gawaneni wawili. Peke yako utamu utakukinai kabla hujafika chini.

Ya pili Virgil's, na mtu wa Pwani anaweza kuipandisha hadi ya kwanza, nami sitabishana naye. Mna anisi, mdalasini, karafuu, kungumanga. Povu lake si la kujivunia, lakini kwa nyama choma sijaona ya kuishinda.

Boylan, kampuni iliyoanza New Jersey mwaka 1891, naiweka ya tatu: sukari ya miwa, ladha safi, wintagrini wazi wazi. Kama harufu ya dawa ndiyo iliyokukimbiza, hii iache.

Za makopo ni A&W, kisha Barq's. A&W ni laini, vanila tupu, bei nafuu. Ukitaka kumiminia aisikrimu, nunua hiyo. Kuzamisha aisikrimu kwenye Sprecher ni kutupa pesa, maana maziwa yanafunika kila kitu. Barq's ina gesi kali na utamu mkavu kidogo, naipenda na pitsa. Ila ya kawaida ina kafeini, tofauti na nyingi za aina hii, kwa hiyo watoto wasipewe usiku.

Usinunue pakiti nzima kabla ya kuonja. Maduka mengi yenye soda za chupa huuza moja moja. Iweke kwenye friji, itoe dakika chache kabla ya kunywa, na barafu usitie, inazimua ladha. Chupa ya kahawia yenye lebo ya kizamani haikuambii lolote kuhusu kilichomo.

Kwa mwenye kuchunga sukari: kopo la kawaida la mililita 355 lina zaidi ya gramu 40. Virgil's wanayo isiyo na sukari kabisa, na viungo vyake vinaficha ladha ya vitamu mbadala kuliko A&W isiyo na sukari.