Sarafu ya Tabora: Ipelekwe kwa Wapima Ubora au Iuzwe Ilivyo?

Mwaka 1916, vita vikiendelea, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora. Ya rupia 15 ni ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ina tembo mbele ya milima. Ya heli 20 (heli 100 zilikuwa rupia moja) ni ya shaba.

Ya dhahabu ningeipeleka bila kusita. Bandia zake zipo, na mnunuzi wa mbali hatatoa fedha nyingi kwa neno la muuzaji tu. Kampuni za wapima ubora, PCGS na NGC za Marekani, huhakiki kama ni halisi, huipa alama ya hali yake kati ya 1 na 70, kisha huifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Utalipa ada, bima na usafirishaji wa kwenda na kurudi, lakini bei ya sarafu yenyewe inavibeba vyote.

Heli 20 zimejaa sokoni, nyingi zimechakaa. Ada inaweza kuzidi thamani yake. Ziuze zilivyo, kwa picha safi za pande zote mbili, isipokuwa ile iliyobaki kama mpya.

Na tafadhali, usiisugue sarafu kwa ndimu wala majivu! Iliyosuguliwa hurudi imeandikwa kuwa imesafishwa, bila alama, na bei hushuka.