Stendi ya kuchajia ya familia: soma wati, usihesabu matundu

Stendi za kuchajia zinazotengenezwa kwa ajili ya familia zinafanana kama mapacha: kitako cha plastiki au mbao, vigawanyo vitano au sita vya kusimamishia simu, na ndani ya kitako chaja yenye matundu hayohayo matano au sita. Kwenye boksi kuna picha ya simu zimesimama wima kama vitabu, wala hakuna waya unaoning'inia. Hapa tunazipima stendi hizo zikiwekwa kando ya njia nyingine, ile ya kununua chaja ya mezani peke yake, rafu peke yake na nyaya peke yake. Hukumu tunaitoa mapema: njia ya pili inafaa zaidi karibu kila nyumba, na sababu utaikuta kwenye kibandiko kidogo chini ya kitako.

Igeuze stendi ukisome kibandiko hicho. Nyingi zimeandikwa kitu kama "OUTPUT: 5V 10A". Zidisha volti kwa ampea, unapata wati 50. Hizo ndizo zote zilizomo, kwa matundu yote kwa pamoja. Pembeni mwa kila tundu kumeandikwa 2.4A, yaani wati 12, na maandishi hayo ni ya kweli mradi umechomeka vifaa vinne: 2.4 mara nne ni 9.6. Cha tano na cha sita vikiingia, zile ampea 10 zinagawanywa kwa sita na kila kimoja kinabaki na 1.7 hivi, wati 8 na ushei. Simu nyingi za sasa huomba wati 18 hadi 30, na laptopu huomba 45 au 65. Kwa volti 5 pekee, laptopu nyingi hazichaji kabisa. Stendi iliyotengenezwa ovyo haigawanyi hata hicho kidogo kwa haki. Volti zinashuka, vifaa vinakatika na kurudi, na asubuhi mtu anakuta simu ina asilimia 40 akailaumu betri.

Kasoro ya pili ni kwamba chaja imefungiwa ndani. Ikifa, au ikipitwa na wakati, rafu nzima imekwenda nayo. Na kupitwa na wakati si jambo la mbali: iPhone zilihamia USB-C (tundu dogo ambalo waya huingia kwa upande wowote) mwaka 2023, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unazitaka simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko viwe na tundu hilo. Stendi yenye matundu sita ya USB-A, yale mapana ya zamani, ni ununuzi wa kutazama nyuma.

Chaja ya mezani ni kitu kingine. Tafuta yenye matundu matatu ya USB-C na moja au mawili ya USB-A, jumla ya wati 65 hadi 100, na waya wake wa kwenda ukutani uwe wa kuchomoka. Zinazotumia galiamu naitraidi badala ya silikoni kwenye vichipu vyake vya ndani (kwenye boksi huandikwa GaN) ni ndogo, na umeme unaopotea kwa njia ya joto hupungua. Chaja ya namna hii huzungumza na kifaa kabla ya kuongeza umeme. Kila kitu huanza na volti 5, kifaa kinataja kinachohitaji, na chaja inapandisha hadi 9, 15 au 20 ikiwa inaweza. Kwa hiyo ile hofu ya wengi kwamba chaja ya wati 100 itaunguza simu ya wati 20 haina msingi, kwani simu huchukua ilichoomba. Hofu hiyo ihamishie kwenye adapta za zamani za pini ya mviringo. Zile haziulizi chochote. Pini ya volti 19 ikiingia kwenye ruta ya volti 12, inaingia na volti zake zote. Kila adapta ya aina hiyo iliyobaki nyumbani ifungwe kipande cha utepe chenye jina la kifaa chake, leo hii.

Wati nazo hugawanywa. Mgawanyo wa kawaida kwa chaja ya wati 100 unakuwa hivi: tundu la kwanza likiwa peke yake hutoa 100, yakiwa mawili hutoa 65 na 30, la tatu likiingia lile la kwanza linashuka hadi 45. Jedwali hili limo kwenye kijitabu, na ndilo la kusoma kabla ya kulipa. Kama halimo, usinunue. Jambo ambalo kijitabu mara nyingi hakisemi ni kwamba kila kifaa kinapochomekwa au kuchomolewa, chaja nyingi hugawa upya, na vifaa vyote hukatika kwa sekunde moja au mbili. Kwa simu si kitu. Kwa ruta au kamera ya ulinzi ni kuzimika kila mara mtoto anapochomoa simu yake, basi vifaa hivyo vibaki na adapta zao.

Sasa hesabu inayowaokolea watu fedha. Simu yenye betri ya mAh 5,000 (kipimo cha ujazo kinachoandikwa kwenye betri) hubeba takriban wati-saa 19; wati-saa moja ni wati moja kwa saa moja. Simu nne ni 76. Kishikwambi ni kama 30, laptopu ya kawaida 55. Jumla ni wati-saa 161, na ukiongeza kinachopotea njiani fanya 200. Ukivichaji usiku kwa saa nane, wastani ni wati 25 tu. Yaani chaja ya wati 65 inaijaza nyumba nzima kabla ya alfajiri bila kutoka jasho. Wati 100 zina maana pale watu wanaporudi jioni wote betri zimeisha na wanataka kutoka tena baada ya saa moja. Kama nyumba yenu huchaji usiku, ziada hiyo itumieni kununua nyaya nzuri. Sharti ni moja: laptopu ipewe tundu lisiloshuka chini ya wati 45, au ibaki na chaja yake. Laptopu zikipewa wati 15, baadhi huandika "inachaji polepole", nyingi hukataa kabisa.

Nyaya ndizo zinazoharibu kazi nzuri. Kwa simu zilizosimama kwenye rafu, sentimita 30 zinatosha. Waya wa mita mbili unaifikia simu, kisha zaidi ya mita moja na nusu inabaki kujikunja nyuma kama nyoka, na ukiwa mwembamba unapoteza volti njiani. Laptopu ipewe mita moja. Waya wa kawaida wa USB-C hadi USB-C huishia ampea 3, yaani wati 60. Ukitaka zaidi lazima uwe wa ampea 5, wenye kichipu ndani ya kichwa chake kinachoijulisha chaja uwezo huo. Nyaya mpya zinazofuata utaratibu huandikwa 60W au 240W kichwani. Usiokuwa na maandishi uhesabu kuwa wa 60.

Uangalie waya shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa. Ukiona ganda limepasuka kiasi cha upana wa ukucha na nyuzi za fedha zikionekana, huo umeshakufa hata kama bado unachaji. Utepe wa umeme hauuponyi, kwa sababu nyuzi zilizokatika ndani zinabana mkondo wote kwenye chache zilizobaki, na hapo ndipo plastiki inapolainika. Shingo hukatika kwa sababu mbili: kuvuta waya badala ya kichwa, na kuuzungusha kwa kuubana kwenye chaja. Ukunje kwa duara la upana wa kiganja, uufunge kwa utepe wa velkro. Vile vifungo vya plastiki vya kukaza huuminya hadi kuukata. Vichwa vya sumaku vinavyoachwa ndani ya simu hatuvipendekezi hata kidogo: pini zake ziko wazi, na chembe yoyote ya chuma inayonaswa pale inaweza kuunganisha pini mbili.

Kwa rafu, mbao, chuma au plastiki ngumu zote zinafaa, na kishikio cha sahani cha jikoni chenye nafasi pana kinafanya kazi sawa na rafu za madukani. Pima simu ikiwa ndani ya kava lake. Nyingi hufika milimita 12 hadi 15, kwa hiyo nafasi ya milimita 25 inaacha hewa ipite kila upande. Vigawanyo vilivyobanana vinazifanya simu zipashane joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu. Kishikwambi kikae pembeni kabisa.

Tunakataa sanduku la kufunika na droo. Tunajua zinapendeza. Lakini chaja yenye ufanisi wa asilimia 90 ikitoa wati 100 inatema wati 11 za joto saa zote, na simu zenyewe zinaongeza zake. Ndani ya droo joto hilo halina pa kwenda. Chaja bora itajipunguza na kuchaji polepole, iliyo duni haitajipunguza. Mwenye kutaka kuficha nyaya lazima aache uwazi chini na uwazi juu ili hewa baridi iingie na ya moto itoke. Tundu moja la kupitishia waya halitoshi.

Weka yote kwenye sehemu ngumu na tupu, mbali na pazia, sinki, jiko na jua la dirishani. Isiwe mlangoni wala chini ya ngazi, maana moto ukianzia hapo unaziba njia ya kutokea. Kama nyumba ina king'ora cha moshi, chaji mahali ambapo kitanusa moshi mapema. Kitandani na kwenye kochi ni marufuku, kwa kuwa godoro na mto huzuia joto kutoka. Pakiwepo mtoto mdogo, rafu ikae juu kupita usawa wa kifua cha mtu mzima, na waya usining'inie hata shubiri moja. Waya uliochomekwa ukutani bila simu unaweza kuwa na umeme kwenye kichwa chake, na watoto hutia kichwa hicho mdomoni.

Kuhusu soketi, watu huogopa kitu kisichohusika. Chaja ya wati 100 kwenye umeme wa volti 230 haivuti hata nusu ya ampea moja, haiwezi kuilemea ekstensheni yoyote iliyo nzima. Hatari ni mtu kuja kuchomeka pasi au birika kwenye nafasi iliyobaki, au ekstensheni kuchomekwa kwenye ekstensheni nyingine, au soketi iliyolegea. Plagi inayocheza hugusana kidogo, pale pagusapo panapata moto, na pini hugeuka kahawia. Baada ya nusu saa ya kuchaji kila kitu kwa pamoja, gusa plagi na chaja. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, au kuna harufu ya plastiki au mlio wa kunguruma, zima ukutani kwanza ndipo uchomoe. Ekstensheni yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla ni bora, lakini kinga hiyo huchakaa kwa kila pigo. Ile taa ndogo ya kinga ikizimika, mara nyingi soketi huendelea kutoa umeme huku kinga haipo tena. Badilisha.

Pedi za kuchajia bila waya tunazipa alama ya wastani. Nyingi hutoa wati 5 hadi 15, hupoteza umeme mwingi zaidi kuliko waya, na simu huamka moto. Sarafu au funguo zikiangukia kati ya pedi na simu zinaweza kuchemka. Hata hivyo pedi moja ina nafasi yake kwa mzee ambaye vidole haviwezi tena kulenga tundu, au kwa simu ambayo tundu lake limechoka. Tundu linaloshika waya nusunusu mara nyingi limejaa tu vumbi la mfukoni: zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa sindano.

Katika mipangilio ya simu na laptopu nyingi kuna sehemu ya kukomesha chaji kwenye asilimia 80, au kuchelewesha asilimia za mwisho hadi karibu na saa ya kuamka. Iwashe kwa kila kifaa kinacholala kwenye rafu. Betri inayokaa imejaa huku ina joto huzeeka haraka.

Betri za baiskeli na skuta za umeme zisije kwenye rafu hii kwa hali yoyote: zina nishati mara nyingi ya ile ya simu zote, na zinahitaji chaja zao na mahali pao. Pawa benki zinaruhusiwa mradi ni nzima. Ile ambayo ubavu wake umetuna, au simu ambayo kioo chake kimeinuka upande mmoja, haichajiwi tena hata dakika moja. Usiitoboe kutoa hewa, usiibane irudi, usiitupe kwenye pipa la taka. Izime, iweke juu ya zege au vigae, mbali na chochote kinachoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi au mahali panapopokelewa betri chakavu.