Krimu ya dawa tatu katika tyubu moja: kabla hujainunua

Krimu ninayoitathmini inapatikana karibu kila duka la dawa, kwa majina mengi na maboksi ya kila rangi, lakini ukisoma ubavu wa boksi utakuta viambato vilevile: betamethazoni, ambayo ni steroidi kali ya kutuliza mwasho na uvimbe, klotrimazoli ya kuua fangasi, na gentamaisini ya kupambana na bakteria. Jina la mtengenezaji wa tyubu tuliyonunua nyumbani silitaji, kwa kuwa ninayoyasema yanahusu aina nzima ya dawa hizi.

Kimatumizi ni krimu nzuri. Ni laini, haina harufu, na mwasho hupungua ndani ya siku chache. Tatizo linaanzia hapohapo, kwa sababu steroidi hutuliza karibu kila ngozi inayowasha bila kujali chanzo, na mtumiaji huamini amepona ilhali dalili tu ndizo zilizotulia. Choa kikipakwa krimu hii kwa wiki kadhaa, ukingo wake wa mviringo wenye magamba, ambao ndio unaokitambulisha, hufifia huku fangasi wakiendelea kuenea chini kwa chini. Dawa ikiachwa, ugonjwa hurudi ukiwa mpana zaidi na umepoteza sura yake.

Kwa hiyo tyubu hii inamtaka mnunuzi ajue kwanza anaugua nini, na karatasi iliyomo ndani haimsaidii. Yetu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo mno, na ilizungumzia ngozi kuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mahali palipoathirika huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu.

Pumu ya ngozi kwa mtoto hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ngozi ikiwa kavu, na aghalabu katika ukoo yumo mwenye pumu ya kifua. Kwa watoto weusi inaweza pia kujitokeza kama vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, hata upande wa nje wa mikono na miguu, na ndiyo maana wengi huidhani kitu kingine. Soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, hukaa juu ya viwiko na magoti au kichwani, ikiwa na magamba mazito ya rangi ya fedha au kijivu, na pengine kucha zenye vishimo. Haiambukizi hata kidogo, na inasikitisha kuona mgonjwa akitengewa sahani. Mzio wa kugusa hufuata umbo la kilichogusa: chuma cha mkanda chini ya kitovu, au maua yaleyale ya piko aliyochorwa bibi harusi, kutokana na kemikali ya PPD iliyomo katika rangi nyeusi ya nywele inayotumika kama piko. Upele unaowasha zaidi usiku, ukiwa katikati ya vidole, na watu kadhaa wa nyumba moja wakijikuna, una kidudu chake, na krimu hii haikiui.

Usoni na ndani ya nepi nasema wazi kwamba isipakwe bila maelekezo ya daktari, maana hukondesha ngozi, na mtoto huifyonza kwa urahisi.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikiwa kwa siku chache baada ya kuchunguzwa. Kwa pumu ya ngozi isiyo kali, mafuta ya mgando yakipakwa mara baada ya kuoga, pamoja na haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, kwa muda mfupi, mara nyingi hutosha. Panaposhukiwa choa, maabara hukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini. Nchini Tanzania si lazima kumsubiri daktari bingwa, kwani kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maafisa tabibu tangu miaka ya 1990. Ambaye ameshaanza kuipaka aende na tyubu yenyewe kliniki, ili anayemhudumia ajue ni kwa nini ngozi haionyeshi dalili zake za kawaida.