Rimoti ya kuwasha gari: boksi ni zuri, angalia kiboksi cha chipu

Seti inayofungwa sana na mafundi wa umeme wa magari Nakuru na Kisumu ni ile isiyotengenezewa modeli moja tu: boksi la rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), rimoti, swichi ya boneti, na kando yake kiboksi kidogo cha kukwepa imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo. Kisumu watu huitafuta ili AC ianze kupoza gari lililoshinda juani; Nakuru ni kwa ajili ya asubuhi za Julai. Boksi lenyewe linafanya kazi yake vizuri. Kinachotofautisha kazi safi na kazi ya kurudiwa ni kile kiboksi kidogo. Maelezo haya ni ya Toyota za otomatiki zinazowashwa kwa kuzungusha ufunguo, kama Fielder, Premio na Vitz.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari lina imobilaiza. Toyota nyingi za soko la Japani, hasa za daraja la chini, hazikufungwa. Toa ufunguo uangalie dashibodi: taa ya usalama ikimetameta, mara nyingi ipo. Usiichanganye na taa ya alamu iliyofungwa hapa nchini. Kama haipo, kiboksi hicho ni pesa ya bure.

Ikiwepo, inafanya kazi hivi. Chipu iliyo kichwani mwa ufunguo haina betri. Koili iliyozunguka swichi ya ufunguo huiamsha na kuisoma, na kompyuta ya injini isipoitambua, inakata mafuta au moto wa plagi. Ndiyo maana rimoti iliyofungwa bila kushughulikia chipu huzungusha stata, injini ikashika kidogo na kuzima papo hapo.

Kuna njia mbili za kuikwepa. Moduli ya data huzungumza na kompyuta kupitia nyaya za data na haihitaji kufungia ufunguo ndani ya dashibodi. Ni njia safi, ila programu za moduli nyingi zimeandikwa kwa magari ya Marekani na Kanada, na Premio au Fielder ya Japani haiko kwenye orodha. Fundi akuonyeshe modeli yako kabla hujalipa. Kinachobaki kwa wengi ni kiboksi cha ufunguo: chipu ya pili inawekwa ndani, waya mwembamba unazungushwa juu ya koili ya swichi, na rilei inaunganisha viwili hivyo pale tu rimoti inapowasha gari. Mizunguko ikiwa michache, chipu haisomeki. Gharama ambayo watu husahau ni ya ufunguo wenyewe, maana magari mengi ya kuagizwa hufika na ufunguo mmoja, na kusajili wa pili kunaweza kuzidi bei ya kiboksi.

Kuna njia ya mkato ya kukataa kabisa: chipu kubandikwa kwa tepu kwenye swichi moja kwa moja, bila rilei. Gari litawaka vizuri, kwa sababu imobilaiza imekufa. Yeyote mwenye bisibisi ataondoka nalo. Kulipima ni rahisi: chongesha ufunguo mtupu usio na chipu, uweke ufunguo wako wa kawaida mbali, kisha jaribu kuwasha. Injini ikiendelea kunguruma, usipokee kazi.

Kwenye swichi ya ufunguo, rangi za nyaya zisiaminiwe. Zipimwe kwa maltimita. Waya wa betri una volti 12 muda wote. Wa stata una umeme kwenye START peke yake. Wa aksesari hukatika stata inapozunguka. Nyaya za ignisheni zinaweza kuwa mbili, na ule wa feni ya AC ukiachwa, gari la Kisumu litawaka likiwa na joto lilelile. Baadhi ya Toyota zina nyaya mbili za stata. Ukiunganisha mmoja tu, injini inaweza kuzunguka bila kushika. Maungio yalehemiwe, maana nyaya hizi hubeba mkondo mkubwa, na waya uliosokotwa na kufungwa tepu hulegea, ukapata moto, ukayeyusha plagi ya swichi. Plagi na nyaya za njano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa. Fundi anayezidunga kwa taa ya majaribio mnyang'anye ufunguo wa gari. Athi ya betri itolewe na asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa eneo hilo.

Boksi lazima lijue injini imewaka. Seti nyingi hukisia kwa kupanda kwa volti, na betri ikiwa imechoka kisio hilo hukosea: stata inaachiwa mapema, au inaendelea kusaga injini iliyokwisha kuwaka. Omba waya unaoonyesha kasi ya mzunguko wa injini uunganishwe, kisha boksi lifundishwe kuusoma.

Gari la gia za mkono lisifungwe seti hii. Likiachwa kwenye gia, linaruka. Kwa otomatiki, jaribu mambo mawili mbele ya fundi: boneti ikiwa wazi rimoti isiwashe, na breki ikikanyagwa kabla ya ufunguo kufika ON injini izime. Usiwashe ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Gari la mkopo lenye traka ya benki linahitaji simu moja kwanza. Traka nyingi huwa na rilei yao ya kukata injini, na fundi asiyejua ilipo anaweza kuikata au kuipita.

Usiondoke bila mchoro wa nyaya zilizounganishwa, hata wa kalamu, unaoonyesha fyuzi za boksi zilipo na swichi ya kulizima unapopeleka gari sevisi.